Miguu ya Watu Wanaohama

Sehemu kubwa ya mguu wa mtoto aliyezaliwa leo bado si mfupa. Ni gegedu, laini, na ndani yake mfupa unaanza kuota kwa vitone. Ukiusukuma kwa kidole gumba, mguu huo unakubali kidogo, kisha unarudi ulikokuwa. Kwa mtoto mmoja au wawili katika kila elfu wanaozaliwa, mguu huja duniani ukiwa umejikunja: kisigino kimevutwa juu na kugeukia ndani, unyayo unautazama mguu wa pili, vidole vimeelekea katikati ya mwili, na uvungu wa unyayo umezama kupita kawaida. Wavulana hupatwa karibu maradufu ya wasichana. Karibu nusu ya watoto hao wamepinda miguu yote miwili. Tanzania wengi huuita mguu kifundo. Garissa, Kenya, watu husema tu kwamba miguu ya mtoto imepinda, na wasipotaka kusema hata hivyo, huifunika kwa shuka.

Mtoto mwenyewe halii. Hilo huwapoteza wazazi wengi, kwa kuwa tumezoea kupima ugonjwa kwa kilio. Mguu uliopinda hauumi siku ya kuzaliwa, wala mwezi wa tatu. Unaanza kuuma pale mtoto anaposimama na kutembea juu ya ubavu wa mguu, wengine juu ya mgongo wa mguu kabisa, ngozi ikafanya sugu, sugu ikapasuka, kidonda kikaingia mchanga. Kufikia hapo gegedu limeshakuwa mfupa, na mfupa umeshika umbo la kupinda.

Sasa ipeleke habari hii mahali ambapo kutembea ndiyo kazi. Garissa, Wajir na Mandera, zile kaunti tatu ambazo zamani zilikuwa mkoa mmoja wa Kaskazini Mashariki, zilihesabiwa watu 2,490,073 katika sensa ya 2019, nao wametawanyika katika ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 127,000. Si wote wafugaji wa kuhama. Mji wa Garissa una maduka, tuktuk, chuo kikuu na foleni za benki kama mji mwingine wowote wa Kenya. Lakini hata mwenye duka ana ngamia wa familia mahali fulani, na kuna binamu anayetembea nyuma yao. Mvulana wa miaka sita au saba hukabidhiwa mbuzi. Msichana wa umri huo huenda kisimani. Mtoto asiyeweza kutembea umbali huo huachwa na bibi yake kwenye makazi, na kuachwa huko, ingawa ni kwa huruma, ndiko kunakoamua maisha yake: hatarithi ujuzi wa malisho, na kama hakupelekwa shule, hatarithi kingine.

Wasomali, ambao ndio wenyeji wengi wa kaunti hizi, ni wakarimu wa lakabu, na lakabu zao haziogopi mwili wa mtu. Rais Siad Barre wa Somalia, pamoja na bunduki zake zote, aliitwa Afweyne, mwenye mdomo mkubwa, na jina likamganda hadi kaburini. Mwenye jicho moja huitwa kwa jicho lake. Anayechechemea huitwa kwa kuchechemea kwake, na wajukuu zake watatambulishwa hivyo hivyo. Mgeni husikia ukatili. Mimi nasikia pia kukubalika: jina la namna hiyo halimtoi mtu nje ya ukoo, linamweka ndani yake jinsi alivyo. Ila lina hasara yake. Mguu ukishakuwa jina, ni nani atakayekumbuka kwamba ulikuwa unaweza kunyooka?

Na ulikuwa unaweza. Aliyetuonyesha kwa uhakika ni Ignacio Ponseti, aliyezaliwa 1914 katika kisiwa cha Menorca, Uhispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alikuwa daktari kijana upande wa Jamhuri, akifunga plasta mifupa ya askari. Mwaka 1939, upande wake uliposhindwa, alisaidia kuwavusha majeruhi milima ya Pyrenees kwa nyumbu hadi Ufaransa. Hakurudi nyumbani. Alikwenda Mexico akawa daktari wa kijijini, na mwaka 1941 akafika chuo kikuu cha Iowa, Marekani. Huko aliwakuta watu wazima waliofanyiwa upasuaji wa miguu iliyopinda utotoni. Miguu yao ilikuwa imenyooshwa kwa kisu. Ilikuwa pia imekauka, migumu, yenye kuuma. Kovu lilikuwa limechukua nafasi ya kiungo.

Ponseti alifanya jambo ambalo wapasuaji hawana subira nalo: alichunguza ni kitu gani hasa kinachouzuia mguu. Si mfupa. Ni ligamenti, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, pamoja na kano, upande wa ndani na wa nyuma wa mguu. Zimekuwa fupi na nene. Lakini chini ya hadubini nyuzi za kolajeni za mtoto mchanga zina mawimbi. Ukizivuta polepole, mawimbi yananyooka na uzi unarefuka bila kukatika. Ukiuacha mguu umeshikiliwa hapo kwa siku chache, mawimbi yanarudi katika uzi ule ule, sasa ukiwa mrefu zaidi, na unaweza kuvuta tena. Ndiyo sababu tiba yake ina mapigo: kuvuta, kushikilia kwa plasta, kungoja, kuvuta. Hippocrates wa Ugiriki alishaandika, karne nyingi kabla, kwamba mguu wa namna hii unatibika kwa mikono na bendeji mapema iwezekanavyo. Kilichokosekana baada yake ni kujua mkono uanzie wapi.

Hapo ndipo pana utamu wa jambo lenyewe, na naomba msomaji anivumilie. Mtu yeyote akiuona mguu umepinda kuelekea ndani atataka kuusukuma nje kwa nguvu. Ponseti anaanza kinyume: plasta ya kwanza inauinua upande wa kidole gumba, ili uvungu wa unyayo ulingane, na mtoto anatoka kliniki mguu wake ukionekana umegeuka ndani zaidi ya alivyoingia. Bibi akiona hivyo ana haki ya kuuliza kama daktari ana akili. Katika plasta zinazofuata mguu mzima unazungushwa kuelekea nje, huku kidole gumba cha mtabibu kikiegemea mfupa mmoja tu, talasi, upande wa nje mbele ya kifundo. Mfupa huo ndio mhimili. Mingine yote inazunguka chini yake. Ukikosea ukaegemea nyuma kidogo, kwenye kisigino, umekizuia kisizunguke, na unaweza kupiga plasta mwaka mzima usifike popote. Kisigino hakishikwi. Kinarudi chenyewe mahali pake pale mguu unapozunguka.

Plasta huanzia vidoleni hadi juu ya goti, goti likiwa limekunjwa, na hubadilishwa kila wiki. Kwa kawaida tano hadi saba zinatosha. Mwishoni hubaki kisigino kilichovutwa juu, na kwa watoto wengi, wanane au tisa katika kila kumi, hiyo kano ya kisigino hukatwa kwa ncha ya kisu chini ya ganzi ndogo, kazi ya dakika chache isiyohitaji kumlaza mtoto usingizi. Plasta ya mwisho hukaa wiki tatu. Ikifunguliwa, kano imeshajiunga tena, ndefu zaidi.

Ponseti alichapisha matokeo yake mwaka 1963. Ulimwengu wa wapasuaji ulimsikiliza kwa adabu ukaendelea kukata. Ilibidi apite umri wa kustaafu, aandike kitabu mwaka 1996, na wazazi waanze kuambiana kwenye intaneti, ndipo wenzake wakageuka. Mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, watafiti wa Iowa walikuwa wamewaita wagonjwa wake wa zamani, sasa watu wa miaka thelathini na kitu: 78 katika kila 100 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana, na walipolinganishwa na watu waliozaliwa na miguu ya kawaida, hao wa kawaida walikuwa 85. Tofauti ya mtu aliyezaliwa na mguu uliopinda na jirani yake imebaki kitu kidogo namna hiyo. Ponseti alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 95, na tarehe 3 Juni, siku aliyozaliwa, leo ndiyo siku ya mguu huu duniani.

Njia hiyo ilifika kwetu kwa mkono wa mtu mwingine aliyepoteza nyumbani. Shafique Pirani alizaliwa Uganda katika jamii ya Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Akiwa ugenini akawa mpasuaji wa mifupa Canada, akabuni namna ya kuupa mguu uliopinda alama kwa kuutazama na kuugusa tu, kisha akarudi Uganda kusaidia kuanzisha mpango wa taifa zima. Alama zake sasa hutumiwa duniani kote. Uganda ilithibitisha jambo ambalo mataifa tajiri hayakuwa na haja ya kulithibitisha: kwamba tabibu asiye daktari, akifunzwa vizuri, anaweza kuunyoosha mguu. Kampala ndiko pia Michiel Steenbeek alikobuni viatu vya kuvaa baada ya plasta, vya ngozi na ufito wa chuma, ambavyo fundi wa kawaida anaweza kuvitengeneza kwa vitu vinavyopatikana mjini.

Kwa hiyo tiba hii iliundwa na mkimbizi, ikaletwa Afrika Mashariki na mkimbizi mwingine, na inapofika Garissa inawakuta wakimbizi wa Dadaab na wafugaji wanaohama, na kitu cha kwanza inachowaomba ni watulie mahali pamoja. Sijui kejeli kubwa kuliko hiyo katika habari za udaktari.

Fikiria wiki saba. Mama anatoka Balambala, kaunti ya Garissa, au kwenye malisho nje ya Balambala. Siku ya kliniki inabidi awe amelala mjini usiku uliotangulia. Analipa nauli ya kwenda na ya kurudi, na mtoto aliyefungwa plasta hadi mapajani habebeki mgongoni kama mtoto mwingine. Miguu imeganda, leso haikazi. Plasta isilowe, na mtoto hajui hilo anapokojoa. Joto la Garissa huvuka nyuzi 35 miezi mingi ya mwaka, na ndani ya plasta ni zaidi. Ponseti alitaka plasta ifunguliwe palepale kliniki, muda mfupi kabla ya kufunga mpya, kwa kuwa mguu ulioachwa wazi usiku mmoja hurudi nyuma. Lakini kliniki ina foleni, na mara nyingi wazazi huambiwa wailoweke nyumbani kabla hawajaondoka. Kuloweka plasta kunataka maji ya kutosha. Mwaka 2022 mvua za misimu mitano mfululizo zilikuwa zimeshindwa kunyesha, ngamia wakifa kando ya barabara.

Kisha mvua ikaja. Mwishoni mwa 2023 El Niño iliujaza mto Tana na kukata barabara ya Garissa kwenda Nairobi upande wa Mororo na Madogo. Abiria walivuka kwa mashua. Mtoto aliyekuwa na plasta ya tatu wiki hiyo alikaa nayo, na mguu wa mtoto mchanga hukua upesi. Plasta iliyopita wakati wake hubana, huchubua, na mama mwenye busara huiloweka na kuikata mwenyewe. Kwenye rejista ya kliniki mama huyo huandikwa kuwa ameacha tiba. Rejista haina safu ya kuandika kwamba mto umefurika.

Maji si kizuizi pekee. Mtu wa Kaskazini Mashariki anaposafiri kwenda Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 370 kutoka Garissa, hushuka kwenye gari mara kadhaa kuonyesha kipande chake kwa polisi, mahali ambapo abiria wa Nakuru au Nyeri hulala usingizi hadi mwisho wa safari. Mkimbizi wa Ifo, Dagahaley au Hagadera, kambi za Dadaab, hawezi kutoka kambini bila kibali cha kusafiri. Mashirika kama lile lililokuwa likiitwa Handicap International yamepeleka huduma za viungo ndani ya kambi hizo kwa miaka mingi, na hiyo ni nafuu kubwa, lakini mguu unaohitaji mpasuaji hungoja karatasi. Mkoa huu uliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya mwanzo ya uhuru hadi 1991. Watu wanaojiuliza kwa nini hospitali zake zilichelewa waanzie hapo, wasianzie kwenye utamaduni wa wafugaji.

Wataalamu nao hawakai. Baada ya basi la Mandera kushambuliwa Novemba 2014 na watu 28 kuuawa, kisha Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 na watu 148 kuuawa, walimu na wahudumu wa afya wa kutoka mikoa mingine waliondoka kwa wingi. Aprili 2019 madaktari wawili wa Cuba walitekwa nyara mjini Mandera. Simlaumu aliyekimbia. Nasema tu kwamba mahali pa namna hii, tiba inayomtegemea bingwa mmoja ina roho ndogo, na tiba inayoweza kushikwa na tabibu aliyezaliwa Iftin, Garissa, au Wajir mjini ina maisha marefu. Ndiyo maana somo la Uganda linatuhusu kuliko hospitali yoyote kubwa.

Wapo wanaokwenda hadi Kijabe, kwenye hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa 1998 pembeni mwa ile ya misheni. Mabinti wa Kisomali wenye watoto hutetemeka kwa baridi ya ukingo wa Bonde la Ufa, wanangoja katika hospitali ya kanisa, na husali Dhuhuri pembeni bila mtu kuwasumbua. Wanasiasa wetu wangejifunza jambo katika varanda ile.

Kuhusu dini, mara nyingi nasikia wafanyakazi wa afya wakilalamika kwamba wazazi wa huku husema ni kudra ya Mungu na kukaa kitako. Nadhani wamesikia nusu ya sentensi. Muislamu anayeamini kwamba Mungu ndiye aliyeumba mguu ule ndiye pia aliyefundishwa na Mtume wake kwamba kila maradhi yameteremshiwa dawa. Ukimkuta amekaa, mara nyingi si kwa sababu ya kudra. Ni kwa sababu hajui kuna dawa, au anajua nauli. Linalodhuru zaidi ni lile swali linaloelekezwa kwa mama: alikula nini, alimcheka nani, jicho la nani lilimpata. Sayansi haijafika mwisho wa jambo hili. Inajua kwamba urithi wa familia unachangia, kwamba mara nyingi mtoto hana tatizo jingine lolote, na kwamba mara chache mguu uliopinda huambatana na kasoro ya uti wa mgongo, ndiyo sababu mtabibu mzuri humgeuza mtoto kifudifudi aukague mgongo kabla ya kushika mguu. Haijapata hata mara moja kosa la mama katika kile alichokicheka.

Kuna pia mganga wa mifupa. Wapo wenye mikono ya ajabu, waliojifunza kwa mbuzi na ngamia kabla ya kumgusa binadamu, na ningependa siku moja mmoja wao afunzwe kuegemea talasi badala ya kufukuzwa. Lakini chuma cha moto, ambacho bado hutumiwa kwa maradhi mengi, hakina kazi kwenye mguu huu. Kinaongeza kovu mahali penye ugumu tayari.

Nimeiweka nyuma sehemu ndefu kuliko zote. Plasta ni wiki chache. Viatu ni miaka. Mguu ulionyooka una hamu ya kurudi ulikotoka, hasa miaka ile ya mwanzo ambayo nyuzi zake bado zinajenga kolajeni kwa kasi, na kitu pekee kinachouzuia ni jozi ya viatu vilivyounganishwa kwa ufito, unyayo wa mguu uliotibiwa ukitazama nje nyuzi 60 au 70. Mtoto huvivaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa kulala mchana hadi afike miaka minne au zaidi. Mguu ukirudi kupinda, sababu iliyo mbele ya zote ni kwamba viatu havikuvaliwa.

Madaktari huyasema hayo kwa sauti ya hakimu. Mimi huwaza usiku wenyewe. Nyumba moja, mkeka mmoja, watoto wanne, na mmoja wao ana chuma miguuni anachokipigiza kwenye mbavu za ndugu zake kila anapogeuka. Usiku wa kwanza analia. Wa pili analia. Usiku wa tatu bibi anasema kwa upole kwamba mguu mbona umeshanyooka, mwacheni mtoto alale. Na ni kweli umenyooka, kila mtu anauona. Mama anatakiwa kumshinda bibi, mtu aliyemlea mumewe, kwa ajili ya hatari isiyoonekana. Wiki mbili baadaye kliniki mazungumzo huwa mafupi.

"Viatu amevaa, mama?"

"Amevaa, daktari."

"Usiku wote?"

"Alhamdulillahi."

Tabibu anatazama ngozi ya kisigino, isiyo na alama ya mkanda. Mzoefu hagombi. Anamwomba mara ijayo aje na bibi.

Anachojua mfugaji, na ambacho kliniki ingeweza kukitumia, ni kwamba ngamia mchanga hafunzwi kubeba mzigo kwa siku moja. Huwekewa mzigo mwepesi, jioni hadi jioni, na ukiacha katikati ukarudi baadaye, unaanza upya na mnyama mkaidi zaidi. Mama yeyote wa Kisomali anaelewa hilo bila mchoro.

Nilipoanza kuliwaza jambo hili niliamini kwamba kuhama ndiko kunakoiua tiba. Sasa nadhani tumechanganya sehemu mbili zisizofanana. Plasta inataka mji. Viatu havitaki mji. Usiku upo kila mahali, na jozi ya viatu hupakiwa juu ya ngamia pamoja na mikeka na vibuyu vya maziwa. Familia inayohama inaweza kuvaa viatu vizuri kama familia ya ghorofani Eastleigh, Nairobi, alimradi kuna mtu wa kuwapa jozi kubwa zaidi mguu unapokua, na simu ya mkononi ya kuwakumbusha. Siku hizi mtandao hufika kwenye visima vingi.

Kuhusu plasta, Malawi ilitoa jawabu. Utafiti wa huko uliochapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha watoto waliobadilishiwa plasta mara moja kwa wiki na waliobadilishiwa mara tatu. Miguu ilinyooka sawa, ila kundi la pili lilihitaji siku kama 16 badala ya wiki sita. Fikiria maana yake Garissa. Badala ya safari saba za kwenda na kurudi, ni safari moja, kisha kukaa. Na kukaa, kwa Msomali, si kitu cha kununua. Hakuna mfugaji asiye na mtu wa ukoo wake katika mabulla, yaani mitaa, ya Garissa, mtu ambaye atatandika mkeka na kuongeza maji kwenye sufuria bila kuuliza ni siku ngapi. Watu wanaosemwa kwamba hawatulii wana tangu zamani utaratibu wa kupokeana unaofanya kazi vizuri kuliko wodi nyingi. Kinachotakiwa ni kliniki ikubali kufungua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa wiki tatu, na mtabibu mmoja asihamishwe katikati. Plasta yenyewe ni bei ndogo. Ningeiuliza kaunti yoyote kuhusu jambo hilo moja kabla ya kuiuliza kuhusu majengo.

Halafu kuna suala la nani anayeuona mguu kwanza. Huku watoto wengi bado huzaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi. Yeye ndiye anayemfuta mtoto, ndiye anayevihesabu viungo vyake, na ndiye anayeamua kama atamwambia mama sasa au atamfunika mtoto shuka. Anahitaji kujua mambo mawili tu: mguu unaorudi sawa kwa kusukumwa kidogo ulikuwa umelala vibaya tumboni na utajinyoosha; mtoto mwenye mguu unaokataa apelekwe kliniki wiki hiyo hiyo, hata kama arobaini haijaisha. La pili lina ubishi, kwa kuwa mzazi hukaa ndani siku arobaini. Lakini dada au shangazi wa mtoto anaweza kumbeba, na hakuna sheikh niliyemsikia akilipinga.

Waliokwisha kuchelewa hawajapotea. Njia hiyo hiyo hutumika kwa mtoto anayetembea, hata aliyevuka miaka mitano. Plasta zinakuwa nyingi zaidi, kila moja ikikaa hata wiki mbili, mguu haufikii ulaini wa yule aliyeanza mchanga, na pengine mpasuaji ahamishe kano moja ya mbele kuelekea upande wa nje ili usirudi ndani. Mvulana wa miaka saba anayekanyaga kwa ubavu wa mguu anaweza kuulizwa mwenyewe kama anataka. Wengi hutaka. Anayesita ni baba, na swali lake la kwanza huwa ni nani atachunga mbuzi kwa miezi mitatu hiyo. Ni swali la haki, na lijibiwe kabla bendeji ya kwanza haijaloweshwa.